Alichokiosha Shangazi

Shangazi Rehema alipofariki mwezi uliopita, wanawake wa msikiti walifika mapema na mabeseni yao, wakauliza ni nani kati yetu atakayeingia kumwosha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mimi ndiye mkubwa, na tangu wazazi wetu walipotutoka nikiwa kidato cha pili, kila swali linaloanza kwa "nani" katika nyumba ile limejibiwa kwa jina langu. Nani atapika, nani ataacha shule, nani ataweka sahihi. Lakini siku hiyo mdogo wangu Safia alinitangulia. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. "Mimi ndiye nitakayemwosha," akasema. "Wewe Dada utanimiminia maji." Hakuna aliyebisha. Nikachukua kata nikamfuata ndani, na tangu hapo sijaacha kuufikiria mwaka mmoja ambao kwa muda mrefu nilikuwa nimeufunga na kuuweka juu ya kabati.

Chumba tulichomwoshea ni kile kile cha nyuma, chini ya kilima cha Mbuya, mahali ambapo tarumbeta ya kambi ya jeshi huwaamsha watu kabla ya jogoo. Mwaka ule cherehani yangu ilikaa pale pale kichwa cha Shangazi kilipolazwa mwezi uliopita. Nilikuwa nashona sare za askari wa makampuni ya ulinzi, naziwasilisha Nakawa kila Jumamosi, na sakafu ilikuwa na vipande vya kitambaa cha bluu ambavyo haviishi hata ufagie vipi. Safia alikuwa na miaka ishirini na sita, anafundisha watoto wa chekechea, na alikuwa ameposwa na polisi mmoja aitwaye Taban, kijana mrefu mwenye mzaha mwingi. Shangazi aliishi na sisi. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Alikuwa na mfuko wake wa ngozi uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango: kafuri, majani ya mkunazi yaliyopondwa, pamba, kitambaa cheupe. Aliitwa usiku na mchana, akaenda, akarudi, akanawa, kisha akala. Alikula vizuri sana akitoka kuosha. Ugali wa posho na maharage, kipande cha limau pembeni, bila neno, mpaka sahani ing'ae. Niliwahi kumuuliza anawezaje. Akasema, "Mwanangu, yule nimeshamaliza deni lake. Sasa ni zamu ya tumbo langu."

Uvimbe niliuona mimi, na niliuona kwa utepe wa kupimia. Tulikuwa tunapima gauni la harusi. Nilizungusha utepe kifuani, Safia akicheka kwa sababu vidole vyangu vilikuwa baridi, na kidole gumba kikagonga kitu kigumu upande wa kushoto, kama kokwa ya zambarau iliyoshonewa ndani ya pindo. Nikasimama. Safia akaacha kucheka. "Kipo tangu lini?" nikauliza. "Tangu Idi," akasema, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Niliandika kipimo cha kifua kwenye daftari langu kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshazoea kuandika, na daftari hilo ninalo hadi leo.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayesema Kiswahili cha kazini kwa kuwa wagonjwa wake wengi walikuwa wake za askari. Aliuondoa uvimbe wote pamoja na nyama kidogo iliyouzunguka. Siku ile nilikuwa nimeambiwa nije na chombo chenye mdomo mpana, maana chupa zao zilikuwa zimekwisha, nami nilikuja na kopo la plastiki lililokuwa na siagi ya karanga, nimelisugua kwa majivu na kulichemshia maji. Nesi akanirudishia likiwa limejaa maji makali ya formalini, yale yanayochoma macho, na ndani yake kipande cha nyama ya dada yangu kikubwa kama yai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hospitali ilikata, jamaa akabeba kwenda maabara. Nilipanda bodaboda nikiwa nimelikumbatia kopo lile tumboni, na kijana wa pikipiki akaniuliza kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, umebeba odii, hiyo siagi ya karanga? Inanuka vibaya." Nikamwambia aangalie barabara.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Maabara haikuwa na umeme, na dada wa mapokezi alikuwa anafunga. "Rudisha Jumatatu," akaniambia. "Hiyo dawa inaitunza. Usimwage tu." Nikalirudisha nyumbani, nikaliweka juu ya kabati nyuma ya maboksi ya vifungo. Nilimwambia Shangazi ni nini, kwa sababu hatukuwa watu wa kufichana. Nikamwambia asiliguse. Sikumwambia kwa nini asiliguse. Nilidhani neno la mkubwa linatosha, nami sikuwahi kufikiri kwamba mbele yake mimi sikuwa mkubwa.

Jumamosi nikaenda Nakawa na sare zangu. Shangazi aliitwa asubuhi kwenda kuosha bibi mmoja jirani, akarudi kabla ya adhuhuri na kitambaa kilichobaki mkononi. Safia alikuwa amelala chumba cha mbele, dawa za maumivu zimempoteza. Niliporudi saa kumi, harufu niliyoikuta mlangoni haikuwa ya formalini. Ilikuwa ya kafuri. Kopo la siagi ya karanga lilikuwa limepinduliwa kwenye kichanja cha vyombo, safi kabisa, linakauka. Na juu ya mkeka mdogo, karibu na sigiri iliyokuwa bado na makaa, palikuwa na kifurushi cheupe kisichozidi kiganja, kimefungwa vitanzi vitatu, kichwani, katikati na miguuni, kama mtu.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimeiosha," akasema. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, amechoka, ameridhika. "Mara tatu. Nyama ya binti yetu ilale kwenye sumu, ndani ya kopo la karanga, juu ya kabati kama mabaki ya chakula? Wewe ungekubali? Alfajiri naizika pale kando ya ukuta."

"Ilikuwa inangoja vipimo!"

"Vipimo vya nini? Si wameshaitoa? Kilichotoka kimetoka."

Masheikh wangesema kiungo cha aliye hai hufungwa tu na kuzikwa, hakioshwi. Shangazi alijua hayo kuliko wao. Lakini alikuwa na lake: mikononi mwake hakikupita kitu cha mwanadamu bila maji. Nilipiga magoti nikafungua vitanzi. Nyama ilikuwa imesinyaa pembeni, imekauka kama ngozi ya ndizi, na rangi yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. Shangazi alinitazama nikiifungua na akajifunika uso kwa mtandio, kama nimemvua mtu nguo mbele yake.

Formalini alikuwa ameimwaga mferejini. Nilikimbia hospitali, nesi wa jana hakuwepo, na mlinzi, aliyevaa sare niliyoishona mimi mwenyewe, akaniambia nirudi Jumatatu. Duka la dawa la kwanza halikuwa nayo. La pili, njia ya kwenda Kabalagala, pembeni ya baa iliyokuwa imeshaanza kufungulia muziki, waliniuzia spiriti ya kusafishia vidonda. Nikaimimina koponi, nikarudisha nyama, nikafunga kifuniko. Jumatatu asubuhi nikamwambia nesi kwamba dawa ilimwagika njiani. Akanijazia nyingine. "Ilimwagika lini?" "Sasa hivi tu," nikasema. Huo ndio uongo wangu. Nimewasafishia makosa wengi wa nyumba yetu kwa maneno, lakini uongo huo haukutakata.

Majibu ya kwanza yalikuja baada ya majuma matatu na hayakuwa majibu. Ni saratani, yalisema, na chembe zake ni kali. Lakini haikujulikana kama bado imo ndani ya mirija ya maziwa au imeshatoka. Walitaka kuipaka rangi maalumu. Nilikwenda maabara mara nne kuuliza, mpaka fundi wao mmoja, Bwana Okello, mtu wa Lira aliyekulia kambini kama sisi, akachoka kuniona kwenye benchi.

"Dada, keti hapa nikuonyeshe," akasema. Akaweka kioo kwenye hadubini. "Wewe mtoto ya askari, si ndiyo? Unajua seng'enge ya kambi. Hii mirija, kila moja iko na uzio yake ya seli, inazunguka. Kansa ikiwa ndani ya uzio, ni mfungwa. Unaitoa, mambo imekwisha. Ikivunja uzio, imetoroka, sasa iko kwa damu, huwezi jua imefika wapi. Macho peke yake haioni uzio vizuri. Ndiyo tunapaka rangi. Rangi inashika uzio tu."

Nikainamisha jicho. Niliona duara. Duara la rangi ya kahawia, jembamba, safi kama mshono wa kuzuia pindo lisifumuke, na ndani yake chembe za bluu zimejazana. Karibu yake duara jingine, na jingine. Nilishusha pumzi. "Uzio upo," nikasema.

"Hapo ni katikati ya uvimbe. Hapo iko." Akasukuma kioo kwa ncha ya kidole. "Sasa tazama pembeni."

Pembeni palikuwa na rangi ya kahawia kila mahali na hapakuwa na rangi popote. Madoa, ukungu, nyufa. Nimeshona miaka mingi. Najua kitambaa kilichoharibika kabla ya kutiwa rangi kinavyokuwa. Kinainywa rangi hapa, kinaikataa pale, na hata ukirudia mara kumi hakikubali.

"Imevunjika?" nikauliza.

"Ndiyo sijui. Pengine kansa imevunja. Pengine nyama iliharibika, rangi imekataa. Na pembeni ndiyo tulikuwa tunauliza." Akaondoa miwani. "Dada, hii kopo ilikaa bila dawa?"

Nilimwambia. Kitanzi cha kichwani, cha katikati, cha miguuni. Sigiri. Spiriti. Bwana Okello alinisikiliza akiwa ameshika kioo kile kwenye mwanga, kisha akasema polepole, "Banange. Mama aliiosha kabisa?" Hakucheka. Nikamuuliza kama ningesema Jumatatu ile, badala ya kudanganya, ingesaidia. Nadhani nilitaka anigombeze. "Hapana," akasema. "Jumatatu ilikuwa imekwisha kufa. Ilikufa Jumamosi." Nikamuuliza kama wanaweza kukata nyingine. "Kata wapi? Daktari alitoa yote, vizuri sana. Hakuna kitu ilibaki ya kuuliza." Kwenye ripoti aliandika tu kwamba sampuli iliingia maji na kukauka pembeni, bila kumtaja mtu. Nilimshukuru kwa hilo, na hadi leo sijui kama ilikuwa ya kushukuru.

Siku ya kwenda kwa daktari tulikwenda watatu. Shangazi alibeba chupa ya uji wa ulezi kwa ajili ya Safia. Ofisi ilikuwa ndogo, magoti yetu yaligusana na meza. Daktari aliongea bila kuzunguka.

"Hii sampuli ilikauka pembeni. Ilikuwa imeingia maji. Kwa hivyo swali yangu haikujibiwa. Nikikuacha hivi, na ilikuwa imetoka, utarudi hapa na mimi sitakuwa na kitu. Nikikupa dawa ya dripu, na ilikuwa haijatoka, nimekuchoma bure. Nywele itaenda, itaota. Mambo ya watoto..." Akatikisa kichwa kidogo. "Kwa wengine hiyo hairudi."

"Nani aliilowesha maji?" Safia akauliza.

"Haya mambo inatokea, nnyabo."

Nilitazama meza. Upande wangu wa kulia Shangazi alikuwa amemimina uji kwenye kifuniko cha chupa, tayari kumpa Safia, na mkono wake ukabaki hapo, katikati ya mapaja yake na mdomo wa Safia. Haukusogea mpaka uji ukafanya utando. Nilijiambia hakuelewa. Nilikuwa nahitaji awe hajaelewa.

"Dada," Safia akasema. "Wewe unasemaje?"

Watu husema mkubwa ni jalala, kila kitu hutupwa kwake. Lakini jalala halichagui. Mimi niliulizwa nichague kati ya mtoto ambaye dada yangu hajamzaa na kifo ambacho labda hakipo, na mtu pekee chumbani aliyejua kwa nini hatujui ni mimi. Hivyo nilidhani. Ningeweza kusema, ni Shangazi. Ingebadilisha nini? Uzio usingeonekana kwa sababu nimemtaja mtu. "Chukua dawa," nikasema. Safia akaitikia kwa kichwa, kama nilivyokuwa nimemzoesha tangu akiwa na miaka kumi na moja.

Sehemu iliyobaki ya mwaka ule naikumbuka kwa vyombo. Beseni la bluu la kutapikia. Kikombe cha bati cha maji ya tangawizi. Sufuria iliyofunikwa, maana Safia hakuweza kustahimili harufu ya kitunguu, nami nikawa napikia nje kwa majirani na kula nimesimama uani. Siku za dripu tuliondoka kabla ya tarumbeta na kurudi jioni, na usiku nilishona sare zile huku nikimsikiliza akipumua upande wa pili wa pazia. Sikuwa na kingine cha kumfanyia. Mtu akiwa na njaa unampikia, akiwa uchi unamshonea. Mimi nilikaa nikahesabu pumzi.

Taban alikuja kila wiki na maparachichi. Nywele zilipokwisha alisimama mlangoni, akapiga saluti. "Eh, Safia! Sasa kichwa yako inang'aa kushinda ya afande wangu siku ya paredi." Safia alicheka mpaka akashika mshono wa kifuani. Jioni hiyo nilimsikia Taban uani akimwambia Shangazi, "Mama, nyumbani wanauliza juu ya watoto. Mimi niwaambie nini?" Taban hakuwa mtu mbaya. Alihamishiwa kaskazini mwisho wa mwaka, akapiga simu mara nyingi, kisha mara chache. Gauni la harusi nililifumua mwenyewe, likawa mapazia ya chumba cha mbele. Damu ya mwezi ya Safia haikurudi.

Na mwaka ule ule Shangazi aliacha kuosha maiti. Walikuja kumwita alipofariki mke wa imamu, mtu aliyekuwa rafiki yake wa utotoni. Akawaambia magoti yamekataa. Mfuko wa ngozi ukabaki kwenye msumari mpaka kafuri ikaisha yenyewe, ikawa hewa. Nilimnunulia dawa ya kuchua. Kila jioni nilimchua magoti yale, na hayakuwa na kitu. Alipanda kilima cha Mbuya kwa miguu kwenda kuswali hadi mwaka jana.

Safia yuko hai. Nywele ziliota, nzito kuliko za kwanza. Sasa ni mwalimu mkuu wa chekechea ile ile na ana watoto themanini wanaomwita Mama kila asubuhi na kwenda kwao kila alasiri. Watu humwambia dawa zile ziliokoa maisha yake, naye huitikia alhamdulillahi. Huenda ziliyaokoa. Huenda uvimbe ule ulikuwa mfungwa aliyekwisha kutolewa, na tukamchoma bure. Kioo kile, kama bado kipo kwenye sanduku fulani, kina rangi ya kahawia kila mahali na hakina popote. Nimeishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na kipande cha sindano kilichovunjikia kidoleni.

Basi siku ile ya kumwosha, chumbani, Safia alikuwa ameanza upande wa kulia kama inavyopasa. Mimi nilimimina. Alipofika kwenye mkono alikifungua kiganja cha Shangazi, kidole kwa kidole, akapitisha kitambaa katikati ya kila kimoja. Wale wanawake wengine walikuwa wametoka kuchukua maji mengine. Akasema bila kuinua macho, "Aliniambia habari ya kopo."

Kata nusura initoke mkononi. "Lini?"

"Dripu zilipoisha. Alinikalisha hapa hapa. Akasema, Safia, mikono hii ndiyo iliyoharibu."

"Miaka yote hiyo?"

"Nilimwambia arudi kazini, watu wanamhitaji. Akakataa. Akaniomba nisikwambie kwamba anajua. Akasema, Zuhura amebeba mengi, usimwongezee."

"Nami nilimchua magoti," nikasema.

"Najua, Dada. Nilikuwa nawatazama."

Nilitaka kumwomba msamaha, kwa uongo wa Jumatatu, kwa lile "chukua dawa", kwa mapazia. Nikainama nikajaza kata. Kupitia mlango nilisikia wanawake wakirudi, mmoja akimtania mwenzake kwamba ndoo yake imefika nusu, nyingine ameinywesha barabara. Safia alikilaza kiganja kile kifuani kwa Shangazi, akakishikilia hapo kwa muda.

"Alishaniosha mara tatu," akasema. "Sisi tuko kwenye ya kwanza. Mimina."

Nikamimina.